Kadi ya ulemavu, elfu mbili za Inua Jamii na shemeji asiyekatwa kodi

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, kaunti ya Kilifi. Wa tatu ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo; haketi bila kushikiliwa na hasemi. Kadi ya ulemavu anayo, na jina lake nimeliandikisha kwa chifu mara tatu, lakini pesa za Inua Jamii hatujawahi kuziona. Jirani yetu, mzee mwenye fimbo tu, anapokea kila zinapotoka. Shemeji yangu ni mfanyakazi wa serikali. Naye ana kadi ya ulemavu, hakatwi kodi, na jioni tunamwona uwanjani anacheza mpira. Sasa nasikia atastaafu akiwa na miaka 65 wakati wenzake wanatoka na 60. Je, hii ni haki? Nikimripoti, mwanangu atapata nafasi? Nianzie wapi?

Jibu: Mama, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna mifuko mitatu. Kuna pesa za wazee, kuna pesa za wenye ulemavu mkali, na kuna msamaha wa kodi. Kila mmoja una masharti yake, mlango wake, na njia zake za kuibiwa. Watu wakiichanganya hugombana na majirani bure, na mwenye kosa halisi anapita katikati yao akipiga mluzi. Nikujibu la haraka kwanza: kumripoti shemeji, hata kama kweli amedanganya, hakutamsogeza mwanao hatua moja kwenye foleni. Kodi ikirudishwa huingia Hazina ya Taifa. Haina uhusiano wowote na orodha ya kata yenu. Hayo ni mambo mawili, tuyashughulikie mbali mbali.

Tuanze na yule mzee, maana karibu hakika hana kosa. Inua Jamii ni jina la mwavuli la malipo ya serikali kwa wasiojiweza. Chini yake kuna mpango wa wazee, mpango wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na mpango wa watu wenye ulemavu mkali. Yote mitatu hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi miezi kadhaa hulimbikizwa ikatoka kwa mkupuo. Mpango wa wazee ulipopanuliwa mwaka 2018, kilichoangaliwa ni umri wa miaka 70 na zaidi na kutolipwa pensheni. Kwa hiyo jirani yako analipwa kwa miaka yake. Fimbo ile haikupimwa na mtu.

Mpango unaomhusu mwanao ulianza mwaka 2011 na ndio mwembamba kuliko yote. Haumlipi kila mwenye ulemavu. Humlipa yule ambaye ulemavu wake ni mkali kiasi cha kuhitaji mlezi wakati wote, mchana na usiku, na anaishi katika nyumba maskini sana isiyo na mshahara wa kudumu, pensheni wala malipo mengine ya aina hii. Soma tena hilo la mwisho. Masharti huiangalia nyumba nzima, siyo mtoto peke yake. Kama nyanya yake mnaishi naye boma moja na yuko kwenye orodha ya wazee, au kama wakati wa kuhesabiwa mliandikwa chini ya jina la babu anayepokea pensheni, jina la mtoto linaweza kuwa liliachwa hapo hapo na hakuna aliyekuja kukuambia. Swali la kwanza la kumuuliza afisa ni hili: mwanangu ameandikwa katika nyumba ya nani?

Sasa upana wa mlango wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka 5 na zaidi. Mpango wa ulemavu mkali, kwa miaka mingi, ulibeba nyumba zisizofika 50,000. Gawanya kwa maeneo bunge 290: wastani haufiki 175 kwa eneo bunge zima. Ukishusha hadi kata ndogo, chifu wenu pengine alikuwa na nafasi chache za kuhesabu kwa vidole, na nafasi ikijaa hubaki imejaa mpaka aliyemo afariki, ahame au aondolewe. Mimi nasema wazi: hapa ndipo dhuluma kubwa ilipo. Kelele zote hupigwa juu ya asiyestahili aliyeingia, lakini wanaostahili walioachwa nje ni wengi zaidi, na hao hawatoi habari kwa kuwa hawakuwahi kuandikwa popote.

Kadi siyo malipo

Umesema kadi anayo. Vizuri, lakini kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, haimwingizi mtu Inua Jamii. Ni utambulisho. Inakufungulia kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu, msaada wa karo na mengineyo, lakini malipo ya kila mwezi yako chini ya idara nyingine kabisa, ile ya hifadhi ya jamii, na orodha yake hupita kwa chifu, kamati ya wanajamii na afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo. Akina mama wengi husubiri miaka wakidhani kadi itaita pesa.

Kuandikishwa kwa chifu nako kuna kuandikishwa na kuandikishwa. Mara nyingi jina huchukuliwa kwenye baraza, likaingia daftari la mzee wa mtaa, na safari yake ikaishia humo. Linalohesabika ni dodoso la nyumba: mtu anakaa na wewe, anauliza paa ni la makuti au mabati, maji mnatoa wapi, mnakula mara ngapi, nani anafanya kazi, nani ana ulemavu na wa kiasi gani. Majibu hayo ndiyo hupimwa kupanga nani maskini kuliko mwenzake, kisha majina husomwa hadharani ili jamii ithibitishe. Kama hukuwahi kuulizwa maswali ya namna hiyo, hujaandikishwa. Umetajwa tu.

Na hata dodoso likijazwa, makosa madogo huliua. Jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la kwenye kadi. Nambari ya kitambulisho cha mama imekosewa tarakimu moja. Nambari ya simu mliyotoa imesajiliwa kwa jina la mume aliyeko Mombasa, au laini ilikatika zamani. Mtoto hawezi kupokea pesa mwenyewe, kwa hiyo kila kitu hutegemea stakabadhi za mlezi, na mlezi ni wewe. Kabla ya kwenda popote, tandaza juu ya mkeka kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi yake na ripoti ya hospitali, ulinganishe herufi kwa herufi.

Kisha nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, siyo kwa chifu mara ya nne. Mwombe mambo manne, na uyaombe kwa barua ya ukurasa mmoja ambayo nakala yake itapigwa muhuri wa kupokelewa: kama mwanao yumo kwenye kumbukumbu na kwa nambari gani, tarehe nyumba yenu ilipohesabiwa, kama alikataliwa, ni kwa sharti lipi, na kata ndogo yenu ina nafasi ngapi za mpango wa ulemavu na zimejaa ngapi. Bila muhuri ule, kesho utaambiwa hukuwahi kufika.

Barua hiyo ina meno kuliko inavyoonekana. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, aliyeathiriwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na ofisi ikikaa kimya, sheria inachukulia kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu nzuri. Kimya kikizidi, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman, ukiambatanisha nakala yenye muhuri. Usitaje jirani wala shemeji katika barua hiyo. Na usiombe faili la mtu mwingine. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na utanyimwa kwa haki. Omba vigezo, idadi na tarehe. Hizo ni mali ya umma.

Kuingizwa kwenye orodha hakuna ada. Wala ya fomu, wala ya "mafuta ya pikipiki ya kupeleka majina". Ukidaiwa, jua kwamba kwa Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa na anayepokea wote wana kosa, kwa hiyo usitoe ukitarajia kushtaki baadaye. Andika siku, mahali, kiasi na maneno yaliyosemwa, kisha uripoti kabla ya kulipa.

Ripoti ya hospitali isemwe kwa vitendo

Itoe ripoti ya tathmini uisome, hasa pale panapoandikwa kiwango cha ulemavu. Kuna watoto waliotathminiwa wakiwa na miaka 2, wakaandikwa kiwango cha kati kwa sababu mtoto wa miaka 2 hata mzima hubebwa na kuvishwa nepi. Akifika 11 hali ile ile ni mzigo wa namna nyingine kabisa, lakini karatasi bado inasema kiwango cha kati. Mpango unadai ulemavu mkali. Kama ndivyo ilivyo kwenu, omba tathmini mpya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, na upige simu kwanza kuuliza siku ambayo kamati hukaa. Si kila siku, na kumbeba mtoto wa miaka 11 kwa matatu ili uambiwe rudi Alhamisi ni adhabu.

Kosa linalofanywa na wazazi wengi, kwa aibu au kwa heshima, ni kujibu kwa ufupi. Daktari anauliza, "Anakula?" Mama anajibu, "Anakula vizuri, namshukuru Mungu." Panaandikwa: anakula. Ukweli ni kwamba mtoto hulishwa uji mzito na ugali uliopondwa, kwa kijiko, kichwa kimeshikwa kwa mkono wa kushoto, sahani moja dakika 40, na hupaliwa mara kadhaa katikati. Hayo ndiyo ya kusema. Usiseme "hawezi chochote" pia, maana neno hilo halipimiki na humfanya daktari ashuku. Pitia shughuli moja baada ya nyingine: kula, kuoga, kuvaa, choo, kugeuka kitandani, kutoka mkekani hadi kitini, kuwasiliana. Kwa kila moja taja nani anasaidia, mara ngapi, kwa muda gani, na nini hutokea asiposaidiwa. Kama ana kifafa, beba daftari lenye tarehe za kuanguka kwa miezi 3. Ugonjwa una jina moja, lakini kinachotathminiwa ni maisha ya kila siku.

Beba pia kadi za kliniki, maandishi ya mtaalamu wa fiziotherapia kama alimwona, na barua ya kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo, EARC, ikiwa alipelekwa huko kutafutiwa shule. Barua ya EARC hudharauliwa, lakini imeandikwa na mtu aliyekaa na mtoto muda mrefu kuliko daktari wa siku ile.

Sasa shemeji

Msamaha wa kodi unatokana na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 na amri ya mwaka 2010 iliyotolewa chini yake. (Sheria ile sasa imebadilishwa na nyingine iliyotiwa saini Mei 2025, kwa hiyo uliza fomu mpya kabla ya kutumia ya zamani.) Mwenye ulemavu aliyesajiliwa hatozwi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Msamaha huo haupatikani kwa kadi peke yake. Lazima aombe kupitia iTax, mtandao wa kodi wa serikali, akiwa na ripoti ya hospitali, barua ya mwajiri, stakabadhi za mshahara na hati ya kuonyesha hana deni la kodi. Ombi huchujwa, na hati ikitoka ina muda wa miaka 5. Bado hukatwa bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, kwa sababu hizo siyo kodi ya mapato.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo swali lako la haki linapochoma. Kwa viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyoanza Julai 2023, mtu mwenye mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 80,000 kwa mwezi angekatwa takriban 16,380. Mwenye 150,000 angekatwa takriban 37,380. Huo ndio msaada anaoupata mwenye hati. Anayelipwa 24,000 au chini yake hakatwi PAYE hata asipokuwa na ulemavu, kwa hiyo kwake msamaha huu ni sufuri. Na mwanao, asiyeketi bila kushikiliwa, akifanikiwa sana atapata 2,000. Kwa mtoto wa nepi tatu kwa siku, pakiti ya nepi kumi haimalizi siku ya nne. Yaani hata shemeji yako akiwa mkweli kama maji ya kisima, mpangilio wenyewe unampa mwenye mshahara mnono mara nyingi zaidi ya asiye na kitu. Ninaelewa sababu zake: mwenye ulemavu anayefanya kazi hulipa teksi pale mwingine anapopanda matatu, hununua kifaa cha kusikia, humlipa msaidizi. Gharama hizo ni za kweli. Lakini kiasi cha elfu mbili kwa wasio na kitu hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na hilo halikusababishwa na shemeji wa mtu.

Je, anayecheza mpira anaweza kuwa na ulemavu halali? Ndiyo, na mara nyingi. Ibara ya 260 ya Katiba inataja hitilafu ya mwili, ya hisi, ya akili, ya kisaikolojia, na hata ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kila siku. Kiziwi hucheza mpira. Mwenye jicho moja hucheza. Mwenye kifafa kilichotulizwa na dawa hucheza, na jioni mnayomwona uwanjani siyo usiku alioanguka bafuni. Mwenye ugonjwa wa akili unaokuja na kuondoka anaweza kufunga bao Jumamosi na asiweze kutoka kitandani Jumanne. Kumhukumu mtu kwa miguu yake ndiko kunakowafanya wengi wa hawa waogope kabisa kujiandikisha.

Lakini kudanganya kupo. Mlango mkuu ni hospitali, pale mtu anaponunua ripoti, au anapotumia tatizo dogo linalotibika, mgongo unaouma au miwani, likaandikwa kama ulemavu wa kudumu. Kivutio siyo kodi tu. Wafanyakazi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60, wenye ulemavu 65. Miaka 5 ya mshahara kamili ni donge nono, na ndiyo maana maombi ya ghafla ya watu wa miaka 58 na 59 yaliwahi kuwashtua maafisa. Dawa iliyowekwa ni kwamba mtumishi awe amesajiliwa na NCPWD angalau miaka 3 kabla ya tarehe ya kustaafu na awe na hati halali ya msamaha wa kodi. Kama shemeji ana hati ya zamani, hilo la 65 limefuata kanuni. Kama kadi ameipata mwaka jana na ana miaka 59, idara ya wafanyakazi itamkatalia yenyewe bila wewe kufungua mdomo.

Kanuni hiyo, kwa njia, ni mfano mzuri wa kufuli linalomfungia nje mwenye nyumba. Mtu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 58 na nusu hana udanganyifu wowote, lakini hawezi kutimiza ile miaka 3. Mwongo mwenye subira anatimiza.

Kabla ya kuripoti, gawanya karatasi mara mbili. Upande mmoja andika ulichokiona au kukisikia mwenyewe chenye kuonyesha kosa, upande wa pili ulichokisia. "Anacheza mpira" ni cha upande wa pili, kwa sababu hakikanushi chochote. Cha upande wa kwanza ni kama vile: yeye mwenyewe alisema mbele yako kwamba alimlipa mtu fulani kiasi fulani apate ripoti, ripoti ina tarehe ambayo alikuwa safarini nje ya nchi, kadi ina picha yake lakini nambari ya mtu mwingine. Upande wa kwanza ukibaki mtupu, acha. Ukiwa na kitu, kodi inaripotiwa kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, kupitia mtandao wake wa iWhistle bila kutaja jina lako, na hongo ya daktari au karani inakwenda kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ambao nao wana njia ya siri mtandaoni. Ukurasa mmoja unatosha: nani, wapi anafanya kazi, nini kilifanyika, lini, nani mwingine anajua. Usiandike hasira.

Ujue pia uzito wa unachokianzisha. Aliyedanganya kwa makusudi hudaiwa kodi yote, adhabu ya asilimia 75 ya kodi hiyo, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Na penye ulaghai KRA haizuiliwi na ule ukomo wa kurudi nyuma miaka 5 tu. Kwa mwenye 80,000, kodi ya miaka 5 ni kama shilingi 983,000, na adhabu inaifikisha zaidi ya milioni 1.7 kabla ya riba. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 3 jela. Kuna zawadi kwa mtoa habari, asilimia 5 ya kodi iliyokusanywa isiyozidi shilingi milioni 5. Ukiona zawadi inakuvuta kuliko ushahidi ulio nao, ngoja kwanza. Na chochote utakachofanya, usikipeleke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Huko utapoteza kesi, utapoteza ukoo, na unaweza kushtakiwa wewe kwa kumchafulia mtu jina.

Wizi ambao hauangaliwi

Kuna matumizi mabaya mawili yanayonikera kuliko la shemeji, na yote mawili humtumia mwenye ulemavu halisi kama ngazi. La kwanza ni kuazima jina. Zabuni za serikali zimetengewa asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mfanyabiashara anamtafuta kijana wa kiti cha magurudumu, anamwandika mkurugenzi, kampuni inashinda, kijana anapewa elfu tano na soda. Gari huingizwa bila ushuru kwa jina la mama asiyetoka ndani, likaendeshwa na mpwa wake kama teksi mjini. Gari la msamaha likihamishwa kwa asiyestahili, ushuru wake hudaiwa, na barua ya kudai humfikia mwenye jina, siyo mpwa. Mtu akija kuomba kadi ya mwanao "kwa siku mbili tu", jibu ni hapana.

La pili ni mlezi. Pesa ni za mtoto au mgonjwa, lakini zinapita mkononi mwa mwingine, na mlezi anayeishi mjini akipokea huku bibi mwingine kijijini ndiye anayeosha, hakuna mfumo wa kompyuta unaoliona hilo. Majirani ndio huona. Dawa yake siyo kumwondoa mgonjwa kwenye orodha, bali kumbadilisha mlezi kupitia afisa wa ustawi wa jamii, pamoja na barua ya chifu na kitambulisho cha anayemtunza kweli. Kwa bahati mbaya, wenye kuripoti huandika "pesa zinaliwa, watolewe," na anayelala njaa ni yule yule.

Ukaguzi wa kuthibitisha kwamba mpokeaji yu hai nao hukata pande zote. Unasaidia kuwaondoa marehemu wanaoendelea "kupokea". Lakini mtu asiyetoka kitandani hafiki kwenye meza ya ukaguzi, na vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka 50 havisomeki kwenye mashine. Mwanao akishaingia, tangazo la ukaguzi likisikika, mwambie chifu mapema na kwa maandishi kwamba mtoto habebeki, waje nyumbani. Weka nakala.

Na siku utakayoandikishwa, muulize afisa utaratibu wa kubadilisha mlezi kabla hujauhitaji. Ukilazwa wewe hospitalini, au ukisafiri matanga ya wiki mbili pesa zikatoka, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzichukua. Dada mkubwa wa mtoto akishapata kitambulisho, jina lake na nambari yake ya simu, iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, viwe tayari kwenye bahasha moja na kadi ya mdogo wake.